Mjomba Aliyesomea Moto

Mjomba wangu alisomea moto. Hayo ni maneno yake, si yangu. Aliyasema kwenye misiba, aliyasema kwenye harusi, aliyasema hata mtu akiwasha tu kiberiti karibu naye. Alisomea Nachingwea, kwenye ghala la korosho alikokuwa mlinzi miaka tisa, na masomo yenyewe yalichukua asubuhi moja. Walionyeshwa mtungi mwekundu wa kuzimia moto, wakaambiwa chomoa pini, elekeza chini, bonyeza. Wakapanga foleni. Zamu ya mjomba ilipofika mtungi ulikuwa umeisha, akabonyeza hewa. Hili alitusimulia mwenyewe siku moja ya Idi, akiwa ameshiba na kujisahau. Aliporudi kijijini alirudi na koti la kaki la ulinzi, buti, filimbi, na hiyo elimu.

Kwetu huku, iwe familia ya Kiislamu kama yetu au ya Kikristo kama ya majirani, mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anaoa, mjomba anaamua. Na baba yangu wakati huo alikuwa machimboni Namungo, anaifukuza dhahabu ambayo mpaka leo haijakubali kukamatwa. Kwa hiyo moshi ulipoanza kuonekana, aliyetumiwa habari ni mtu wa mtungi ulioisha.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka juzi. Nyumba yetu iko upande wa Nambilanje, na nyuma yake ndiyo shamba la mikorosho ambalo mama aliachiwa na mama yake. Mikorosho ilikuwa na maua. Mtu asiyejua korosho anadhani tulikuwa tunaogopa miti kuungua. Mkorosho mzima ni mkaidi, moto wa majani ukipita chini yake unababuka mguu, mwaka unaofuata unachipua kama vile hakuna kilichotokea. Kinachokufa ni maua. Joto likiyapiga dakika chache tu, yanakuwa kama majani ya chai, na mwaka wako umeishia hapo. Mama alikuwa ameyahangaikia maua yale, amepulizia salfa, ile dawa ya ukungu, mpaka macho yakawa mekundu, na aliniahidi kwamba safari hii korosho zikitoka vizuri nitakwenda Lindi miezi mitatu kujifunza utangazaji. Mimi niliishia kidato cha pili. Ndoto yangu ni kutangaza mpira redioni. Cheka tu, wengi wamecheka kabla yako, na mimi bado natangaza.

Nilikuwa natangaza hata siku nilipofanya ule ujinga.

Shamba la korosho lazima lifagiwe, ili korosho ikidondoka uione. Kila mtu huku anafagia, na kila mtu takataka zake anazipeleka mpakani. Hakuna aliyetufundisha. Ni hivyo tu, kama unavyomwaga nje maji ya kunawa. Nilifagia siku nne, huku nachezesha timu mbili kichwani, majani yote makavu nikayasukuma mpaka mwisho wa shamba, pale linapopakana na pori. Malundo yakajipanga mstari mrefu, mengine yananifika kiunoni, hatua tatu tu kutoka mstari wa mwisho wa mikorosho. Nilisimama nikayatazama nikaona nimejenga ukuta.

Mjomba akaja kukagua. Alitembea kati ya miti, mikono nyuma, buti zikilia kwacha kwacha.

"Shamba kama meza!" akasema. "Mpwa wangu, moto ukija hapa utakufa njaa."

Na mimi nikafurahi kusifiwa. Wajinga wawili tulisimama pale, mmoja mwenye buti na mmoja mwenye fagio, tumeugeuzia mgongo ukuta wa kuni tuliouandalia moto wenyewe.

Siku ya kwanza moshi ulikuwa mbali, mwembamba, kitu cha kuonyeshana kidole. Wengine walisema unatoka Malolo, wengine wakasema hapana, ni huku huku. Kwenye kundi la simu la kijiji ndiko kulikokuwa na moto kuliko porini. Mmoja alituma sauti ya dakika nne akituomba tuwe watulivu. Mwingine alituma picha ya moto wa nchi ya mbali huko, wenye maghorofa, akaandika "hali ilivyo sasa hivi". Watu wazima na ndevu zao. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba ameshika jembe.

Siku ya pili tulisikia harufu. Asubuhi ya tatu majivu yalidondokea kwenye uji.

Mama aliyatoa kwa ncha ya kijiko, akayatazama, akasema, "Leo kaka yako hachelewi."

"Si kaka yangu, ni wako," nikamjibu, na tukacheka. Mama yangu anacheka kwa kuziba mdomo na upande wa kanga, hata tukiwa wawili tu.

Kweli hakuchelewa. Kabla sijaosha vikombe tukasikia filimbi njiani. Mjomba anapiga filimbi akiwa juu ya baiskeli ili watu wajue kuna mtu anakuja kuokoa. Koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na kwenye kibebeo cha baiskeli kuna kiroba kimefungwa kwa mpira. Alikishusha kiroba mwenyewe, akakining'iniza juu ya tawi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Toeni vyombo nje."

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza. Moto unakuja shambani, jemadari anaanza na makabati. Tukatoa kitanda, godoro, makochi mawili, masufuria, redio, cherehani ya mama, mpaka picha ya bibi iliyokuwa ukutani. Vyote vikaenda chini ya mkorosho wa kwanza, kwa sababu pale, alisema, pana kivuli. Halafu ndoo. Tulikuwa na ndoo sita, tukadhani tutachota maji.

"Mchanga," mjomba akasema. "Nachingwea tulikuwa na ndoo za mchanga mlangoni. Zimepangwa."

"Kaka," mama akasema taratibu, "mlango wetu hauna shida. Shida ni kule mwisho."

"Wewe umesomea moto?"

Nilijaza ndoo sita za mchanga, nikazipanga mlangoni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mjomba akazikagua, akaisogeza moja kidogo ili mstari unyooke. Kisha akakaa kwenye kochi, chini ya mkorosho, akakunja nne, uso umeelekea moshi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kutangaza kimoyomoyo. Mjomba yuko kwenye kochi. Mjomba anautazama moto. Moto unamtazama mjomba. Hakuna mabadiliko uwanjani, ndugu msikilizaji. Mjomba anaomba chai. Chai inaletwa. Mjomba anasema sukari imepungua.

Mama hakukaa. Alikwenda mpaka mwisho wa shamba, akarudi anatembea haraka kuliko alivyokwenda. Aliponipita alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye yale malundo. Hakunigombeza. Alichukua konzi moja ya majani akaikunja mkononi, ikavunjika yote, kavu kama kaukau.

"Moto wa pori peke yake ungefika hapa umechoka," akasema. "Ukikuta hivi utapanda mpaka juu kwenye maua."

Kazi yangu ya siku nne. Safari yangu ya Lindi nilikuwa nimeijengea kaburi kwa fagio langu mwenyewe, huku nashangilia magoli.

Jirani yetu alikuwa upande wa pili wa mpaka, anakusanya mbuzi wake watatu. Ni mama mtu mzima, Mmakua aliyekuja kutoka Msumbiji akiwa msichana, Kiswahili chake kifupi na kila neno analitoa kama analikata kwa panga. Aliyatazama malundo, akamtazama mama.

"Hii choma," akasema. "Choma sasa. Upepo bado lala. Upepo akiamka, basi."

Ndivyo mama naye alivyofikiri: kuyasogeza malundo kuelekea porini, kuyawasha kwa upande wetu asubuhi hiyo upepo ukiwa haujaanza, yaungue yakienda mbele, ili moto mkubwa ukifika ukute majivu. Wanawake wawili walikubaliana kwa maneno kama kumi hivi. Lakini kauli si yao. Tukarudi kwenye kochi kuomba ruhusa.

Kumbukumbu hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Tulisimama mbele ya makochi yetu wenyewe, kwenye shamba la bibi yetu wenyewe, tunamwomba mtu mwenye kikombe cha chai.

"Kuwasha moto kuzuia moto?" Mjomba alicheka akatazama nyuma yetu, kama vile huko kuna watu wenye akili wa kucheka nao. "Dada, hiyo nani kakufundisha? Huyu Mmakua? Tukiwasha, serikali ya kijiji ikija, itasema nani kawasha? Itasema sisi. Mimi jina langu halitaingia kwenye mambo ya kuwasha moto porini."

Alilisema hilo la mwisho haraka, na sauti yake ikapanda. Sikuelewa kwa nini.

Aliyetueleza ni mbwa wa jirani. Alikuwa amemfuata mwenye wake mpaka uani kwetu, na wakati sisi tunabishana yeye alikuwa chini ya lile tawi, pua juu, anakizungukia kiroba. Akaruka mara moja. Akaruka tena. Kiroba kikachanika na wakadondoka panya wa porini, wanono, wamefungwa mikia kwa kamba, manyoya yameungua upande mmoja.

Huku kwetu watu wanachoma pori kuwatoa panya. Unawasha upande mmoja, unasubiri upande wa pili na fimbo. Wanaliwa, na ni watamu, sina haja ya kuficha. Lakini mbele za watu mjomba hali panya. Anasema ni chakula cha watu wasiofika mjini. Na wakati ule wa kiangazi kikali kijiji kilikuwa kimeshatangaza kwamba asiwashe mtu.

Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli.

"Kaka," mama akasema, "hawa panya wamekufa lini?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Dada, sasa hivi tunazungumza habari ya moto au habari ya panya?"

"Naona ni habari moja," mama akasema.

Jirani akaguna kwa Kimakua, neno moja. Sikuhitaji kutafsiriwa. Nilitazama buti za mjomba na nikaona nilichotakiwa kukiona tangu asubuhi: masizi mpaka kwenye vifundo. Mtu huyu aliwasha pori siku tatu zilizopita, moto ukamshinda, akaenda nyumbani akalala, asubuhi ya tatu akapita kukusanya waliokufa, ndipo akapiga filimbi akaja kutuokoa. Na sukari imepungua.

Alikwenda jikoni, akarudi na makaa kwenye kifuniko cha sufuria, akampita kaka yake kama anavyopita kisiki. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mama anafanya jambo ambalo mjomba amelikataa. Alitembea kawaida tu, kanga imefungwa kiunoni, anapuliza makaa yasizimike.

Tulifanya kazi. Mimi na jirani tulivuta malundo kwa majembe kuelekea porini, mama anawasha kwa nyuma, tunapiga kingo kwa matawi mabichi zisirudi upande wetu. Majani yale yanawaka kwa hasira, yanafanya sauti kama mvua. Tulikuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya mpaka, na mimi nimeanza kuamini, niliposikia filimbi.

Mjomba anakuja anakimbia, koti limefungwa mpaka shingoni, ndoo ya mchanga kila mkono.

"Rudini! Rudini nyuma! Elekeza chini!"

Na akamwaga mchanga juu ya moto wetu. Ule wa mama. Ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, akakimbia kufuata nyingine. Moto wa kweli tayari tulikuwa tunausikia, na mtu aliyeusomea anazima ule uliokuwa unatusaidia. Aliporudi na ndoo nyingine mbili nilimsimamia mbele.

"Mjomba, kaa!"

Hivyo tu. Kama unavyomwambia mbwa. Mtoto wa dada yake, mbele ya jirani. Mkono wake ulinyanyuka na nilijua nitapigwa, na nilijua nina haki ya kupigwa, lakini alikuwa ameshika ndoo na mchanga ukammwagikia kwenye buti. Akaduwaa anautazama. Mama hakugeuka hata kutazama, aliendelea kuwasha, lakini mchanga ulikuwa umetukatia mstari na ilibidi aanze upya kutoka kwenye makaa. Dakika hizo ndizo tulizokuwa hatuna.

Upepo uliamka.

Moto wa pori haukuja kama ukuta, kama watu wanavyosimulia. Ulikuja kwa kurukaruka, huku kimya, huku unalia. Pale tulipochoma ulifika, ukanusa majivu, ukalala. Naapa niliuona unalala. Mstari mzima wa mikorosho ukasimama na maua yake. Kwenye kona, ambako mchanga ule ulituzuia kufika, malundo yangu yalikuwa bado mazima, na moto uliyaingia kwa furaha, ukapanda. Mikorosho sita ya mwisho ikawa ndani ya mwanga.

Hapo mjomba alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa haraka lakini kwa adabu, akalivua lile koti la Nachingwea ambalo hata mazishini halivuliwi, akaingia kona ile anaupiga moto nalo. Aliupiga vibaya. Aliupiga kwa juu, anarusha cheche, na kila anapopiga anapuliza hewa mpya kwenye majani. Mtoto wa darasa la pili angefanya vizuri zaidi. Lakini alikuwa analia, na alikuwa anasema, "Ya mama haya, ya mama haya," na nikakumbuka kwamba bibi yangu alikuwa mama yake pia.

Tukamtoa, jirani kamshika mkanda wa suruali. Koti lilibaki nusu. Nyusi hazikuwepo.

Jioni, jua halijazama, tulirudisha makochi ndani. Watu walikuja kuona, wale wale wa kundi la simu, wanapiga picha majivu na kuuliza pembeni kama kuna chai. Mjomba alikuwa amekaa mlangoni karibu na ndoo mbili zilizobaki, nami nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwamba kitaalamu kuna moto wa kuutangulia moto, na kwamba yeye aliamua uwashwe asubuhi upepo ukiwa umelala. Panya hakuwataja. Mbwa alikuwa ameshawamaliza. Mama alisikia, akaendelea kuninyooshea kitanda. Kesho yake kijiji kizima kilisema mjomba alizima moto kwa koti. Mpaka leo wanasema. Nimeacha kubishana nao, watu wanaopenda koti hawataki kusikia habari za kifuniko cha sufuria.

Ila kuna desturi nyingine nilikuwa sijaitaja. Kila msimu mama humtengea kaka yake mikorosho yake sita, korosho zake zote ni za mjomba, tunamwokotea wenyewe na kumpelekea. Miaka yote ilikuwa ile sita mikubwa karibu na nyumba.

Mwezi wa kumi na moja mjomba alipokuja kuulizia, mama alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akampa maji. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kona.

"Mwaka huu, kaka, yako ni ile."

Mjomba alitazama kule. Mikorosho sita ya kahawia, imesimama mitupu, haina hata bibo moja la kudanganyia. Alifungua mdomo. Nilisubiri, maana mwenye kauli ni yeye. Akaufunga, akanywa maji.

Mimi nilikwenda Lindi mwezi wa kwanza. Kabla ya kuondoka nilimfungia mjomba korosho kwenye kanga ya zamani, kiasi cha kujaza sahani mbili hivi, nikampelekea kwake kwa siri, mama asijue. Nyusi zilikuwa zimeanza kuota, upande mmoja zaidi. Nilikuwa sijawahi kumwomba radhi kwa kumwambia "kaa" mbele ya jirani, na nilikuwa nimejipanga niseme nini.

Alifungua fundo, akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga kama mkaguzi wa ghala.

"Ndogo," akasema.

Nikaaga. Njiani nikacheka peke yangu mpaka nikasimama.